Nyuki Aliyekamua Ndulele

Nilikuwa na miaka 10 hivi bibi aliponituma kung'oa ndulele pembezoni mwa shamba. Kazi hiyo niliichukia. Mmea wenyewe una miiba hadi kwenye majani, na mzizi wake haung'oki kwa kubembelezwa. Wengine huuita mtunguja. Sisi watoto tuliujua kwa matunda yake tuliyorushiana: mabichi ni ya kijani yenye michirizi myeupe, yakiiva yana rangi ya manjano. Kuyala, hata mtundu kuliko wote hakuthubutu. Tulishaonywa kuwa ni sumu.

Nimechuchumaa natafuta pa kushika, akaja nyuki mkubwa mweusi, wale wanaotoboa boriti za paa. Alikuja na mvumo wake mzito. Akatua chini ya ua la zambarau lililoinama, akavikumbatia vile vidole vitano vya manjano vya katikati, mabawa yakatulia tuli. Sauti haikukoma. Ilipanda ghafla, ikawa nyembamba, kali, na ua zima likatetemeka. Vumbi la manjano likammwagikia tumboni.

"Bibi! Njoo, nyuki analia!"

Nilidhani kachomwa na mwiba. Bibi akaja na jembe lake mkononi, akainama kando yangu. Nyuki akahamia ua la pili, akafanya vilevile.

"Halii, mume wangu," akasema. "Anakamua."

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi mambo yanavyokwenda. Vidole vile havipasuki kama vya maua mengi. Kila kimoja kina matundu mawili madogo nchani, na chavua, lile vumbi la manjano, hubaki ndani mpaka kitikiswe. Nyuki yule huacha kupiga mabawa, akatetemesha misuli ya kifua peke yake. Nyuki wa asali hawezi. Nyanya nazo maua yake hutikiswa hivyohivyo, na biringanya pia, ambalo ndulele ni ndugu yake wa porini. Katika yote niliyosoma, sijapata neno linalolipita lile la bibi.

"Ng'oa mimea mingine," aliniambia. "Huo mwachie nyuki amalize."

Jioni nikarudi pale nikalifunua lile ua la kwanza kwa kidole. Vile vidole vya manjano vilikuwa na alama ndogo za kahawia, pale nyuki alipoviuma ili asidondoke.