Likasi si nusu ya njia: nilivyomaliza kilomita 240 kwa kinga (baiskeli)

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita 120 hivi kwa barabara ya taifa namba 1 ya Kongo (DRC), lami tupu. Kwenda na kurudi siku moja ni 240. Nimeimaliza safari hiyo ya pamoja ya baiskeli ndani ya muda uliowekwa, na nikiulizwa nilifanyaje, naanza na upepo. Katika kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, upepo wetu huvuma kutoka kusini-mashariki, na Likasi iko kaskazini-magharibi. Ukienda unasukumwa, ukirudi unazuiliwa. Wengi wanaoishia njiani hawakushindwa na kilomita 240. Walimaliza nguvu kwenye 120 za kwanza, wakidhani mwendo ule ni wa miguu yao.

Upepo wa mgongoni haujitangazi. Sikiliza masikio: ukiwa unakwenda kilomita 25 kwa saa na huusikii upepo ukivuma masikioni, basi unasukumwa. Jasho nalo halikauki usoni. Tazama pia moshi wa majani yanayochomwa kando ya barabara, unalalia upande gani. Ukiona hivyo, usiongeze nguvu; kanyaga kwa wepesi ule ule na uache upepo ufanye kazi yake. Kipimo changu ni mazungumzo: nikishindwa kumaliza sentensi nzima bila kuvuta pumzi, napunguza, hata kama kundi linaniacha.

Waandaaji wetu wameazima kanuni ya brevet za Kifaransa, yaani safari ndefu za baiskeli zenye muda wa mwisho. Si mashindano. Unabeba kadi inayopigwa muhuri kwenye kila kituo, na muda unahesabiwa kwa wastani wa karibu kilomita 15 kwa saa, mapumziko yakiwa ndani yake. Ndiyo maana brevet ya kilomita 200 chini ya Audax Club Parisien, chama cha baiskeli cha Paris, ina saa 13 na dakika 30. Kwa 240 zetu ni saa 16: ukiondoka saa kumi na moja alfajiri, Likasi inafungwa saa saba mchana na Lubumbashi saa tatu usiku.

Hesabu yangu niliiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya usukani. Kwenda, kilomita 22 kwa saa: saa 5 na dakika 27. Kurudi, 17 kwa saa: saa 7 na dakika 4. Jumla ya kukanyaga ni saa 12 na nusu. Zinabaki saa 3 na nusu, na humo nilijipa dakika 100 tu za kusimama: mara mbili dakika kumi kumi wakati wa kwenda, dakika 40 Likasi, mara nne dakika kumi kumi wakati wa kurudi. Zilizobaki ni za pancha. Anayekaa Likasi saa moja na nusu atalazimika kuzifidia dakika hizo kwa miguu yake dhidi ya upepo, na hapo mchana umeshapamba moto na upepo una nguvu zaidi kuliko asubuhi.

Ni lazima niseme kuhusu matairi, kwa sababu barabara hii ni ya malori ya shaba na kobalti. Tairi la lori likipasuka linaacha vipande kando ya lami, na ndani ya vipande hivyo mna nyuzi za chuma nyembamba kama unywele. Uzi mmoja hupenya tairi lako na kukaa humo. Unabadilisha tyubu, unajaza upepo, baada ya kilomita tano imeisha tena. Kosa si tyubu. Uzi bado umo kwenye tairi. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Macho hayauoni uzi huo lakini kitambaa kinanasa. Utoe kwa kibano kidogo cha nyusi, kucha haziuwezi. Ukitaka kujua uzi uko upande gani, linganisha kwanza tundu la tyubu na mahali pa vali.

Nilibeba tyubu mbili, viraka sita, gundi, msasa, vyuma vitatu vya kutolea tairi, pampu, kibano na ufunguo wa spoku. Hakikisha pampu inaingia kwenye vali yako: baiskeli za mizigo zinazouzwa kwetu nyingi zina vali ya aina ya zamani, ile ya Dunlop, na za michezo zina vali nyembamba ya Presta. Kumwomba mwenzako pampu isiyolingana na vali yako ni kupoteza dakika zako na zake. Gundi ya kiraka iachwe ikauke mpaka isishike kidole, kama dakika tano, ndipo ubandike. Anayebandika ikiwa mbichi atasimama tena. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la milimita 32, mimi naweka upepo wa bar 4 mbele na 4.5 nyuma. Kujaza hadi liwe gumu kama jiwe hakuongezi mwendo kwenye lami yenye mabaka. Kunaumiza mikono tu.

Mnyororo uupime wiki mbili kabla. Pini hadi pini, viungo 24 vipya ni inchi 12 kamili. Vikizidi kwa milimita 1.6 au zaidi, ubadilishe, la sivyo utaruka meno ya gia kwenye mlima. Usiku wa kuamkia safari weka tone moja la mafuta kwa kila kiungo, zungusha pedeli, halafu futa nje pakauke. Mafuta yanayobaki nje yanakamata vumbi na kuwa msasa.

Urefu wa tandiko naupima hivi: kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke. Goti likiuma mbele, tandiko liko chini mno. Likiuma nyuma, liko juu mno. Usilibadilishe katika wiki ya mwisho. Suruali fupi ya baiskeli huvaliwa bila chupi, kwa sababu mshono wa chupi ndio unaochubua, na paka vazelini mahali panaposuguana. Vidole vikianza kufa ganzi, badilisha mshiko kila dakika kumi na tano.

Mazoezi yangu yalikuwa ya wiki kumi: siku mbili za kazi, saa moja moja, na safari ndefu Jumapili. Kutoka Lubumbashi hadi Kipushi na kurudi ni kilomita 60 hivi, pa kuanzia pazuri. Niliongeza kidogo kidogo mpaka 160. Hakuna haja ya kufanya 240 kwenye mazoezi. 160 mbili zinatosha, mradi nusu moja uipande dhidi ya upepo.

Chakula kinaanza kabla ya njaa, dakika 30 za kwanza, ingawa hakuna anayetamani kula gizani. Lengo ni gramu 60 za wanga kila saa. Ndizi moja mbivu ina 25 hivi, viazi vitamu vya kuchemsha vina 20 kwa kila gramu 100. Chupani naweka gramu 60 za sukari kwa lita, yaani vijiko 15 vya chai, na robo kijiko cha chumvi. Maji ni nusu lita kwa saa asubuhi na zaidi kidogo mchana. Usinywe maji matupu lita kwa lita: chumvi ya damu inapungua, vidole vinavimba, kichefuchefu kinakuja, na mtu anadhani ana kiu akazidi kunywa. Karanga ni mafuta mengi, zinakaa tumboni, nazila Likasi. Na bukari (ugali) Likasi iwe nusu sahani na samaki. Sahani nzima inavuta damu tumboni, na miguu inakuwa mizito kwa saa nzima, huku njia ya kurudi inakusubiri na mteremko wa kwenda daraja la mto Lufira, kisha mlima baada yake.

Asubuhi ya Julai ni baridi kweli, na jua halichomozi hadi saa kumi na mbili na nusu hivi. Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima, maana giza linakukuta mara mbili. Weka gazeti kifuani chini ya jezi. Ukipata joto, unalitoa na kulikunja mfukoni.

Ukipanda nyuma ya mwenzako umbali wa mita moja unapunguza kazi kwa robo hivi, kwa hiyo kurudi dhidi ya upepo nilitafuta watu wanne wenye mwendo wangu, tukapokezana mbele kila dakika tano, mstari mmoja, kulia kabisa. Lori likija nyuma yako linakusukuma pembeni, kisha linakuvuta kwake. Legeza viwiko na shika usukani kwa nguvu kiasi. Wabeba makala (mkaa) mnakutana nao njiani na kinga zao zimejaa magunia. Breki zao hazisimamishi mzigo ule upesi. Piga kelele mapema: «Pole papa, napita kushoto!», na umwachie nafasi yote.

Kilomita 20 za mwisho za usiku ni za mashimo na pikipiki zisizo na taa, basi punguza hadi 15 kwa saa hata kama una muda. Ukifika, peleka kadi mezani kabla ya kuvua kofia au kukaa, kwa sababu saa inayohesabiwa ni ile ya muhuri.