Cherehani Iliyokwenda Dodoma na Kurudi

Ujumbe uliingia Jumapili saa nne asubuhi, nikiwa nachambua mchele. Nikadhani ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nikauacha. Mwanangu ndiye aliyeusoma kwa sauti: shilingi 600,000 kwenye akaunti yangu ya simu zimezuiwa, kwa kuwa mtumaji ameripoti kwamba alikosea namba.

Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Hiyo ndiyo hela yote niliyokuwa nayo, na ilikuwa hela ya cherehani.

Hiyo ni Agosti 2021. Nilikuwa na ofisi ndogo ya ushonaji Manzese, na cherehani mbili za ovaloki, zile za kushona ukingo wa kitambaa usichanike nyuzi. Moja ilikaa bure tangu binti aliyekuwa akiitumia alipoolewa. Ilikuwa aina ya Juki, ya koni nne za uzi, niliinunua Kariakoo ikiwa tayari imetumika, na pale mbele kitambaa kinapopita rangi ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa kama kijiko. Mwanangu akaipiga picha, akaiweka mtandaoni: 650,000, maongezi yapo.

Walipiga wengi, wote wa "mwisho shilingi ngapi" halafu kimya. Jamaa wa Dodoma hakuwa hivyo. Aliuliza kama mota ni ile ya kunguruma au ya kimya, akaomba nimrekodie video ikipiga kwenye kitambaa cha jinzi. Mtu anayejua anachotaka. Tatizo lake lilikuwa moja, tozo. Tarehe 15 Julai serikali ilikuwa imeanza kukata tozo kwenye miamala ya simu, ukituma unakatwa, ukitoa unakatwa, juu ya makato ya kampuni yenyewe, na nchi nzima ilikuwa ikilalamika. Jamaa alililia tozo mpaka nikamshushia elfu hamsini.

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nilimwambia mzigo haupandi basi kabla hela haijaingia. Ilipoingia Ijumaa jioni sikuuamini ujumbe, maana wapo wanaotengeneza ujumbe wa uongo ukafanana na wa kampuni, nikaangalia salio kwanza. Ipo. Jina la mtumaji lilikuwa la mwanamke. Jamaa akasema ametumia laini ya mke wake. Nikatulia. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo jina unaloliona ni jina la mtu kweli. Na lilikuwa la mtu kweli, ndiyo shida yenyewe.

Kijana wa uwakala jirani yangu aliniambia, "Mama, toa hela yako." Nikamwambia nikatwe makato na tozo juu, ya nini? Jumatatu namlipa mwenye vitambaa kwa simu hiyo hiyo. Nikaiacha humo. Ningemsikiliza yule kijana, hadithi hii ingekuwa fupi.

Jumamosi alfajiri nilikodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, mpaka Mbezi Luis, stendi mpya iliyofunguliwa Februari mwaka ule. Kichwa cha cherehani nilikifunga kwa blanketi kuukuu, meza nikaifungua miguu. Nauli ya mzigo elfu thelathini nikailipa mimi, maana tulikubaliana hivyo. Karani wa mizigo akaandika risiti kwa mkono, jina la jamaa, "cherehani 1 na meza". Saa tisa mchana jamaa akaandika: Nimepokea, dada, Mungu akubariki.

Kesho yake ndiyo hiyo Jumapili.

Nilimpigia jamaa, simu imezimwa. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza muziki wao mpaka nikaukariri. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zote. Akasema mteja wao ametoa taarifa kwamba alituma kimakosa, fedha zimekutwa bado zipo, zimeshikiliwa. Je, mama, unakubali zirudishwe? Nikasema sikubali, nimeuza cherehani. Akaniuliza kama nimemuuzia huyo mama aliyetuma. Hapo nikababaika. Nimemuuzia mume wake. Unamfahamu mume wake? Simfahamu, namfahamu kwa simu.

Hata mimi nilijisikia ninavyosikika. Kama mwizi.

Na niseme ukweli, huduma hiyo niliwahi kuisifu kila kona ya mtaa. Mwaka 2019 nilituma ada ya mwanangu, 85,000, nikakosea tarakimu moja, ikaenda kwa mtu wa Tabora nisiyemjua. Nilipiga simu nikilia, wakaizuia, jioni ikarudi. Sikuuliza siku ile kama yule wa Tabora aliulizwa chochote. Aliulizwa, naamini, kama nilivyoulizwa mimi, ila yeye hakuwa na cha kujibu.

Jumatatu nikaenda dukani kwao na karatasi zangu zote, ujumbe wa kuingia hela, picha za mazungumzo, risiti ya basi. Kijana wa kaunta alizipanga mezani kama anayecheza karata. "Mama, hii risiti inaonyesha mzigo umekwenda kwa mwanamume. Hela imetoka kwa mwanamke. Na huu ujumbe wa hela hausemi ni ya nini." Nikauangalia upya ule ujumbe. Kweli. Una namba ya muamala, una kiasi, jina, tarehe, saa na dakika, una salio jipya. Neno cherehani halimo. Kwake yeye mbele yake kuna mama aliyelalamika mapema, na mama mwingine mwenye hela ambayo hana maelezo yaliyonyooka. Akaniambia kama sikubali, nilete RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, suala liende mbele, na hela itaendelea kushikiliwa. Polisi RB niliipata kwa dakika ishirini, na mawaidha ya kutouza vitu mtandaoni kwa saa nzima.

Mwenye vitambaa alinisubiri Jumatatu, akanisubiri Jumanne. Jumatano akaleta matusi.

Namba ya yule mama nilikuwa nayo muda wote, imo kwenye ujumbe. Sikumpigia kwa sababu niliamini ni wamoja, mke na mume wanakula njama. Jumatano usiku nikasema potelea mbali, nikapiga.

"Umepata ujasiri wa kunipigia?" ndiyo salamu niliyopewa. "Wewe si ndiye unayemla hela mume wangu huko Dar?"

Nikacheka. Sikupaswa kucheka, ila kilinitoka chenyewe, na nusura akate. Nikamwambia dada yangu, mimi nina miaka hamsini na mbili na goti bovu, mimi ni fundi cherehani. Kimya. "Cherehani gani?" Nikamtumia picha, nikamtumia na ile video ya jinzi, na ule ujumbe wa "Mungu akubariki".

Akanipigia yeye, sauti imeshuka. Ile laki sita ilikuwa ya kikoba. Yeye ndiye mweka hazina, wanawake kumi na wanane, na mwisho wa mwezi wanagawana. Mume anajua namba yake ya siri. Jumamosi usiku alifungua simu kuangalia salio, akakuta zimekwenda kwa jina la mwanamke, Dar es Salaam. Mume alipoulizwa akasema hajui, halafu akazima simu akaenda kulala kwa ndugu zake. Kwa hiyo akapiga huduma kwa wateja akasema amekosea namba. "Ningewaambia nini, dada? Kwamba mume wangu kaniibia? Wangeniambia niende ustawi wa jamii."

Cherehani ilikuwa kwa wifi yake. Mume alitaka kumfungulia dada yake ofisi.

Sasa tukafika penye ugumu. Hela aitake yeye, cherehani niitake mimi, lakini nani aanze? Akasema nikubali kwanza hela irudi, atapakia mzigo. Nikasema apakie kwanza. Tulivutana siku mbili, kwa heshima zote, dada huku dada kule, na kila mmoja anamwogopa mwenzake. Mwisho tukakubaliana apakie, anitumie picha ya risiti na ya namba ya basi, mimi hapo hapo nipige simu niseme nimekubali. Ijumaa saa mbili asubuhi picha ziliingia. Nikapiga. Binti wa huduma kwa wateja, mwingine sasa, akaniuliza kama nimekubali kwa hiari yangu bila kushurutishwa. Nikasema andika hiari.

Saa za jioni nilikuwa Mbezi nalisubiri basi. Nauli ya kurudi alilipa yeye. Ile elfu thelathini yangu ya kwanza sikumdai, na tozo aliyokatwa mume wake sikuijua aliyeifidia.

Blanketi lilikuwa lile lile langu. Nilipolifungua ofisini nikakuta stendi ya kuwekea koni imevunjika mkono mmoja, na kati ya kichwa na meza mfuko wa zabibu. Alikuwa ameniwekea bila kuniambia, zabibu za Dodoma, kama kilo mbili, na njia nzima kichwa cha chuma kilikuwa kimezikalia. Maji yake yalikuwa yameingia mpaka kwenye sindano na kwenye vile vikono vya uzi vya chini. Nilikaa usiku ule na mswaki wa zamani na mafuta ya cherehani, nasugua sukari kwenye chuma. Zilizopona tulizila mimi na mwanangu huku nafanya kazi, zilikuwa tamu kwelikweli.