Nusu ya Gunia

Mwaka 1994 Ramadhani karibu yote iliangukia ndani ya Kwaresima. Pale kwetu, nje kidogo ya mji wa Bombo, Uganda, watu wa pande zote mbili za mpaka wa shamba letu walikuwa wamefunga. Sisi Wanubi tulikuwa na mfungo wetu, na mzee Mkatoliki tuliyepakana naye alikuwa na wake. Muhogo ulikuwa unakufa kwetu na kwake.

Waliokuwa wilaya yetu ya Luwero miaka ile wanaikumbuka batobato, ugonjwa wa muhogo. Ilianza kuonekana upande wa kaskazini wa wilaya mwishoni mwa miaka ya 80, ikashuka, ikasambaa nchini. Majani yanapata mabaka ya njano, yanajikunja, yanakuwa madogo, na ukichimba unakuta mizizi minene kama kidole. Inzi weupe wadogo ndio wanaoubeba ugonjwa kutoka mmea hadi mmea, lakini na sisi wenyewe tuliueneza bila kujua, kwa sababu muhogo hupandwa kwa vijiti, na vijiti tulivikata kwenye mashina yaleyale yaliyougua.

Asiyeishi kwa muhogo labda haelewi uzito wa jambo hili. Mahindi ukiyavuna usipoyauza utayala, au wadudu watakusaidia. Muhogo unakusubiri ardhini. Mama alikuwa akichimba wa siku hiyo tu, mwingine akiukausha makopa, na futari yetu miaka yote ilikuwa muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa karanga. Ramadhani ile tulifuturu uji mwepesi, na siku pesa ilipopatikana, viazi vitamu vya sokoni.

Mjomba wangu alikuwa tanboi wa lori lililokwenda Gulu. Njiani, upande wa Nakasongola, kuna kituo kinachoitwa Migyera, na hapo wakulima walikuwa wamepewa aina mpya ya muhogo iliyostahimili batobato. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Namulonge walikuwa wameipata kutoka Ibadan, Nigeria, lakini watu waliuita kwa jina la kituo tu: Migyera. Jioni moja katika kumi la mwisho la Ramadhani, adhana ya magharibi ikikaribia, mjomba alishuka kwenye lori na gunia la mashina ya Migyera begani.

Baba hakungoja hata tende. Alifungua gunia, akatoa shina moja moja, akalipapasa macho ya pingili kwa kidole gumba. Alikuwa amekwisha chagua mahali, kule juu karibu na mti wa mtuba, mbali na muhogo mgonjwa. Alituambia mpango wote tukiwa tunakunywa uji: tunapanda gunia zima mvua ya Machi ikianza, mwaka ujao kila mche unatupa mashina kadhaa, kila shina tunalikata vipande, na hapo hata kijiji kizima tunaweza kukigawia.

Mama alisubiri Baba arudi kutoka tarawehe.

"Nusu ni ya Jaja," alisema.

Jaja, yaani babu kwa Kiganda, ndiye yule mzee jirani. Hakuwa ndugu yetu kwa damu. Mwaka 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, Wanubi wengi wa Bombo walikimbia, wengine Sudan, wengine Zaire. Wazazi wangu waliishia Kibera, Nairobi, kwa jamaa zao, na mimi nilizaliwa huko. Kibanja chetu kikabaki hakina mtu. Kisha vita vya Luwero vikaja, Jaja naye akahama na watu wake. Aliporudi alikuta msitu, nyumba yake haina bati, mipaka haionekani. Kabla hajasimamisha nguzo ya nyumba yake, alipanda upya luwanyi, mmea wa kuonyesha mpaka, kwenye mpaka wote, upande wake na upande wetu, kwa kukumbuka tu, ili atakayekuja asiseme ardhi ile haina mwenyewe. Akalifyekea na kaburi la babu yangu. Tuliporudi baada ya 1986, Baba alitembea akifuata luwanyi kuanzia barabarani hadi bondeni, na hakuna aliyempinga hata hatua moja. Jamaa zetu wengine walirudi wakahangaika kwa mwenyekiti wa RC, baraza la kijiji, miaka na miaka.

Baba aliyajua yote haya kuliko sisi. Ndiyo maana sikumwona mchoyo usiku ule, na hata leo simwoni hivyo.

"Mtume amesema uanze na walio chini yako," alimwambia Mama. "Watoto hawa wako chini yangu. Jaja nitampa mwakani, tena nimpe mara tatu ya hizi."

"Mtume amesema pia asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu."

"Nimesema nitamshukuru. Mwakani."

"Yeye aliipanda luwanyi hajui kama tuko hai," Mama alisema. "Na mwakani atakuwa amekula nini?"

Hakupaza sauti. Kaka yangu na mimi tulikuwa kwenye mkeka tumejifanya tumelala. Nilikuwa na njaa, na moyoni nilikuwa upande wa Baba. Alikaa kimya muda mrefu, akaomba maji ya kutawadha, akatoka nje. Sijui aliswali rakaa ngapi. Asubuhi tulikuta gunia liko wazi na mashina yamefungwa kwa kamba ya mgomba, mafungu mawili, sawasawa.

Namshukuru Mungu kwa mama yangu kwa mengi, na kwa usiku ule kuliko mengine yote.

Tulikwenda wote. Jaja alikuwa amejenga na askari wa Bombo ujanani, Kiswahili chake kilitosha kabisa. Baba alimweleza kila alichosema mjomba: mbegu hii inastahimili, lakini usiipande katikati ya mgonjwa, ng'oa ule wa zamani kwanza. Jaja aliyapokea mashina kwa mikono miwili, akafanya ishara ya msalaba, akasema "Katonda webale", asante Mungu, mara nyingi mno. Kisha akageuka akauangalia muhogo wake, na hakusogea.

"Hii mbegu aliileta marehemu," alisema. Mke wake. Alikuwa amekuja nayo alipoolewa, na tangu hapo ndiyo waliyoikata na kuirudishia ardhini, hata baada ya vita.

Baba, ambaye usiku alikuwa anahesabu pingili, aliweka jembe chini. "Jaja, hatugusi kitu. Wewe utatuambia tuanzie wapi, na kama si leo, basi si leo."

Ilipita kitambo. Jaja alikwenda mwenyewe hadi kona ya bondeni, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili, akalivuta. Likatoka kirahisi, mizizi yake haikuwa na chochote cha kushikilia udongo. Ndipo akatuita. Tuling'oa hadi jua likawa kichwani, yeye na Kwaresima yake, sisi na Ramadhani yetu, hakuna aliyekunywa maji. Tukalundika, na yalipokauka siku zilizofuata Jaja akayachoma.

Idi ilifika katikati ya Machi na mvua ikaifuata. Tulipanda kule kwenye mtuba, yeye akapanda bondeni. Mwaka uliofuata watu walikuja kukata mbegu kwake na kwetu, na Mama hakumruhusu mtu yeyote kulipia.

Lakini kabla ya hapo ilikuja Pasaka, tarehe 3 Aprili. Jumamosi jioni Jaja alivuka mpaka na jogoo mzima, miguu imefungwa. "Nyabo," yaani bibi, alimwambia Mama, "nimemleta hai ili mchinje wenyewe, mle bila wasiwasi." Mama alimwambia hatutamla bila yeye.

Jumapili alikuja na kanzu yake ya kanisani. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hilo hata mtoto analijua. Baba aliitafuta kwenye sufuria yeye mwenyewe, akaiweka kwenye sahani ya Jaja.

"Hii ni ya luwanyi," alisema.

Jaja akaila yote kabla hajagusa kitu kingine, kisha akanyoosha sahani, Mama akamwongezea mchuzi.