Onyo namba 1202 na akaunti iliyokwisha kufutwa

Seva ya kampuni ndogo ya kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma, ilikuwa ikirudia kuandika onyo namba 1202 la SceCli, sehemu ya Windows inayotekeleza sera za usalama, likiambatana na msimbo 0x534, ambao maana yake ni kwamba sera ya usalama inataja akaunti isiyopatikana kwenye mfumo. Nawasihi mafundi wenzangu wasilipuuze, kwa sababu huenda jina limeandikwa vibaya, na aliyestahili kupewa haki fulani hajaipata.

Jibu limo kwenye faili la winlogon.log, ndani ya folda ya Windows\security\logs. Nilipotafuta humo maneno "Cannot find", lilijitokeza jina la akaunti ya programu ya zamani ya uhasibu, ambayo ilikwisha kuondolewa lakini jina lake likabaki katika haki ya "Log on as a service", yaani ruhusa ya akaunti kuendesha huduma za nyuma ya pazia. Nililifuta kwenye sera ya vidhibiti vya kikoa (seva zinazosimamia akaunti na sera za mtandao mzima, ikiwemo hii), si kwenye sera ya mashine yenyewe, kwani ya kikoa ndiyo yenye nguvu zaidi, kisha nikaendesha gpupdate /force, amri inayolazimisha sera kusomwa upya. Kidhibiti cha kikoa husoma sera upya kila baada ya dakika 5, kwa hiyo uthibitisho haukuchelewa: tukio lililofuata halikuwa na onyo.