Vichekesho vipya vya kipupwe: nilivyopata cha kutazama na mama mkwe

Ukitaka vichekesho vya televisheni vya kutazama wakubwa kwa wadogo, usimuulize kijana wa duka la muvi kipi kinatamba. Mimi niliuliza, na nilichopewa nakijua.

Skuli zilikuwa zimefunga katikati ya mwaka, upepo wa kusi hautaki mtu akae barazani usiku, na mama mkwe wangu ametoka Micheweni kuja kukaa nasi hapa Wete. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili tulikwishazimaliza. Mama akasema wazi: "Mwanangu, nimechoka kulia kila usiku. Nitafutie cha kucheka." Vya King Majuto, Mungu amrehemu, anavijua kiasi kwamba anacheka kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Alitaka kipya, na mimi nilitaka kigeni hasa, chenye vituko vyake, ambacho hakijazoeleka huku kwetu.

Kijana wa muvi akaniapia: "Hii familia kabisa, mama, chukua." Nikatoa elfu mbili tatu, akanirushia sizoni nzima kwenye flashi. Baada ya Isha tukakaa ukumbini sote, chai ya tangawizi imeshamiminwa. Hazijafika dakika tano, watu wakaanza kuvuana nguo. Rimoti haionekani. Mtoto mdogo alikuwa ameilalia, na kila tukimgeuza anang'ang'ania mto. Mume wangu akaruka akasimama mbele ya televisheni, kanzu ameitanua kwa mikono miwili kama anayezuia mbuzi asitoke zizini, huku sauti za nyuma yake zinaendelea kusikika. Mama akageukia ukutani na kuleta istighfari. Mwisho binti yangu mkubwa akachomoa waya. Kesho yake nikamfuata yule kijana kumweleza, akanijibu, "Lakini wote wanaipenda, mama." Wote nani? Bado naudhika nikikumbuka, kwa sababu kumbe hata yeye mwenyewe hakuwa ameitazama.

Mdogo wangu wa Unguja akanishauri Ghosts, ile ya BBC iliyoanza 2019. Hiyo nzuri mno. Mke na mume wanarithi jumba kuukuu la Uingereza, mke anaanguka dirishani, na akizindukana anawaona waliokufa humo zama zote, kuanzia mtu wa kale wa mapangoni. Nimeicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini mmoja wa wale wafu ni mwanasiasa aliyekufa hana suruali, na ndivyo anavyobaki siku zote. Halafu mizimu kwa mama si jambo la mchezo, tena usiku. Tukaiweka yetu wawili, mimi na mume wangu. Kama nyumbani kwako hakuna mzee, anza nayo.

Hapo ndipo nikaamua kutafuta kwa akili yangu. Televisheni kubwa za Marekani huanza sizoni zao mwezi wa tisa au wa kumi na kuzifunga karibu na Mei. Kwa hiyo kwao ikiingia likizo ya kiangazi, kwetu kipupwe, kitu kizima kiko tayari mwanzo hadi mwisho. Mwezi wa sita usihangaike na kilichoanza juzi, utakatiwa njiani. Uliza kilichomaliza. Pia nikataka vichekesho vya kazini tu, vya ofisi, hospitali, skuli, kwa sababu watu walio kazini hawana nafasi kubwa ya kufika chumbani.

Na hili la tatu ndilo ninalojivunia. Nilimwambia kijana anitilie episodi ya mwanzo tu ya kila kimoja, siyo sizoni. Akashangaa, akaona nampotezea wakati, lakini akatia. Asubuhi, nikichambua mchele, nikaviweka kimoja kimoja na sauti nimeizima kabisa. Mama hajui Kiingereza. Kichekesho kinachoishi mdomoni tu, kwake kimekufa. Nikawa natazama nyuso: nani ananifanya nicheke bila kusikia neno? Vingi havikunitoa hata tabasamu. Kimoja kilinifanya niache ungo.

Kinaitwa Abbott Elementary. Ni skuli ya msingi ya serikali huko Philadelphia, fedha haitoshi, vifaa hakuna, na kichekesho kimetengenezwa kana kwamba kuna watu wa kamera wanaowapiga picha walimu kila siku. Mtunzi wake, Quinta Brunson, ndiye huyo huyo anayecheza mwalimu kijana Janine, na jina la skuli amelitoa kwa mwalimu wake mwenyewe wa darasa la sita. Kilianza Desemba 2021, lakini ukumbini kwangu kilikuwa kipya kabisa. Mimi nafundisha msingi, na naweza kuapa kwamba aliyeandika yale anayajua maisha ya walimu.

Usiku ule nilikaa ubavuni mwa mama nimtafsirie. Mtoto anakojolea zulia la darasa, zulia linatupwa, Janine anahangaika kutafuta jengine. Hilo halikutaka tafsiri, mama amelea. Mwalimu mkuu, Ava, anapata fedha, kila mtu anangoja mazulia, kumbe amezitumia kuweka bango jipya nje ya skuli lenye sura yake mwenyewe. Bango lilipotokea, mimi sijafungua mdomo, mama akapiga kofi la paja: "Yakhe! Kajiweka mwenyewe!" Akacheka hadi ushungi ukamteleza.

Kilichomnasa zaidi ni yule mwalimu Gregory, ambaye kila jambo la ajabu likitokea anaikodolea macho kamera, kimya. "Ananitazama mimi huyo?" akauliza mama. Nikamwambia ndiyo, anakutazama wewe. Tangu hapo Gregory akikodoa macho, mama anamjibu: "Nimeona, mwanangu, nimeona." Watoto wakawa wanamsubiri yeye kuliko Gregory. Na Barbara, yule mwalimu mkongwe mwenye heshima zake, mama anamwita Mwalimu, hamtaji jina. Sheryl Lee Ralph, anayemcheza, alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka 2022, na ukimwona anavyomnyamazisha mtu kwa jicho moja tu utajua ni halali yake.

Episodi moja ni dakika ishirini na kidogo. Sisi tunatazama moja kabla ya chakula na moja baada ya chakula, na mtoto halali kitako. Episodi ya pili, Janine anajaribu kutengeneza taa ya ukumbi wa skuli na kuzima umeme wa jengo zima. Hapo Pemba nzima tutamwelewa, maana umeme wetu ni huu unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na kukatika tunakujua. Ila kipitie mwenyewe kwanza, Ava ana mdomo. Maneno yake mengine mimi nayaruka tu kwenye tafsiri, na mama hajawahi kukosa kitu.

Ukienda kurushiwa, hesabu episodi hapo hapo dukani kabla hujalipa. Sizoni ya kwanza ni 13, ya pili 22. Ya tatu ni 14 tu, usigombane na kijana wa watu: mwaka 2023 waandishi na waigizaji wa Marekani waligoma, ikachelewa mpaka Februari 2024 na ikatoka fupi.