Sheli Ipi Inakwenda Mbali?

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikishatangaza bei mpya za mafuta, steji yetu hapa Malindi hugeuka baraza. Bei yenyewe haigombewi sana, kwa kuwa kila mji umewekewa kikomo chake na sheli zote, yaani vituo vya mafuta, hukikaribia. Ubishi ni mafuta ya nani yanakwenda mbali. Huyu anaapa kwa Shell, yule kwa Rubis, mwingine hapiti TotalEnergies bila kusimama. Mimi nina Probox, nabeba abiria na mizigo kati ya hapa na Mombasa, na hakuna kitu kinachokula pesa yangu kama tangi. Kwa hivyo nasema kwa dhati: kwa magari mengi tuliyonayo, jina lililo juu ya pampu haliongezi kilomita za kuhesabika.

Petroli yote ya nchi hii huja kwa meli. Sehemu kubwa hushushwa Kipevu, bandarini Mombasa, na kuwekwa kwenye matangi ya kampuni ya bomba la mafuta, Kenya Pipeline, na humo mzigo wa kampuni hii na ile huchanganyika. Kinachotofautisha ni dawa ya kusafisha injini ambayo baadhi ya kampuni huongeza kwenye mafuta yao. Dawa hiyo si porojo. Mwaka 2016 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima mafuta ya kwao na kuona kwamba yasiyofikia kiwango cha juu cha usafishaji yaliacha utando wa kaboni mara 19 zaidi ndani ya injini. Lakini utando hujengeka polepole. Ukiniambia umebadilisha sheli asubuhi na jioni gari limekuwa jepesi, hiyo si dawa.

Sasa oktani. Wengi huamini kuwa namba ikiwa kubwa mafuta yana nguvu zaidi. Oktani haipimi nguvu. Inapima uvumilivu: ni kiasi gani mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kubanwa na pistoni bila kujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ukijilipukia, injini hugonga. Nishati iliyomo kwenye lita moja ni karibu ile ile, oktani iwe ya chini au ya juu.

Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, ambako kwa viwango vyao petroli ya kawaida huanzia oktani 89 na ile ya juu huanzia 96. Supa ya Kenya imeshaivuka hiyo 89. Probox, Vitz, Noah, zote ziliundwa kwa petroli ya kawaida ya huko. Ukizitilia V-Power, ile petroli ya Shell ya bei ya juu, kila siku kwa ajili ya oktani, injini haina pa kuitumia ziada hiyo. Fungua mfuniko wa tangi utazame kibandiko. Kama ni Kijapani, kipige picha na simu ikusomee. Hicho ndicho kinachojua gari lako linataka nini, wala si mimi wala jamaa wa steji.

Subaru Forester ya turbo ni habari nyingine. Hiyo aghalabu inataka oktani ya juu. Ukiipa ya chini, sensa husikia injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche ya plagi, nguvu inapungua, nawe unakanyaga zaidi kufidia. Hapo mafuta huliwa kweli. Na joto letu la Februari linaongeza, kwa sababu hewa ya moto inayoingia injini huifanya igonge upesi. AAA haohao mwaka 2017 walijaribu magari ambayo watengenezaji wanayapendekezea mafuta ya juu, wakapata nafuu ya wastani wa asilimia 2.7 katika ulaji wa mafuta. Ni kitu, ila kilinganishe na tofauti ya bei pale pampuni.

Lakini wenzangu wanaapa kuwa wamepima. Naamini wamepima. Nauliza walipima wakienda wapi, na msimu gani. Malindi iko kaskazini-mashariki ya Mombasa, na barabara yetu inafuata pwani. Upepo wa kusi ukivuma, ukishuka Mombasa unaukabili, ukirudi unakusukuma. Kaskazi ni kinyume chake. Upinzani wa hewa hauongezeki kidogo kidogo. Mwendo wa hewa inayokupiga ukiwa mara mbili, upinzani huwa mara nne. Basi mtu anajaza hapa mwezi wa Julai, msimu wa kusi, anafika Mombasa, anaona geji imeanguka. Anajaza sheli nyingine kule, anarudi na kusi mgongoni, geji imetulia. Keshapata sheli yake ya maisha! Sifa zote zilikuwa za upepo.

Ongeza mizigo, eya kondisheni, foleni ya Mtwapa, na kama ulisimamishwa penye ujenzi wa barabara au ulipita moja kwa moja. Kipimo cha haki ni kujaza pampu ile ile mpaka ikate yenyewe, kwenda na kurudi, kisha kujaza tena hapo hapo na kugawanya kilomita kwa lita. Geji ya dashibodi usiitie kwenye hesabu.

Kuna jambo moja ambalo sheli inaweza kukuumiza kwalo: uchafu. Maji kwenye tangi la chini, au mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye petroli. Mafuta ya taa yana oktani duni mno, na injini huanza kugonga hata kwenye kimlima cha Mnarani. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo maalumu kwenye mafuta ya taa ili kuua faida ya wachanganyaji. Mimi hujaza penye magari mengi, kwa sababu tangi lao halikai na mafuta ya zamani, na lori likiwa linashusha mafuta napita, maana uchafu wa chini ya tangi hutibuka.

Zile shilingi za ziada ningezipeleka kwa fundi wa matairi. Kila psi moja (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza ulaji kwa takriban asilimia 0.2, na nimeona Probox za hapa zikitembea chini ya kiwango kwa psi kumi, zimejaa magunia mpaka dirishani, na dereva anazungumzia V-Power. Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kabla hujatoka.