Nilivyopanga njia na ishara za stesheni ya Tabora kwenye reli ya mfano

Wengi wanaojenga stesheni ya mfano huanza kwa kuchora reli. Mimi nilianza kwa kuandika treni zinafanya nini Tabora, hatua kwa hatua, na reli zikafuata zenyewe.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tangu hapo kazi kubwa ya stesheni hii ni kugawa treni: mabehewa yaliyotoka Dar es Salaam pamoja, mengine yanaendelea Kigoma, mengine Mwanza. Mpanda haidai pointi (mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili) Tabora, maana tawi lake linachepuka Kaliua. Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: treni ikishakatwa vipande viwili, kichwa cha pili kitafikaje kwenye mabehewa yaliyobaki bila kuziba njia ya wengine?

Kabla ya hapo kuna uamuzi wa kipimo. Reli hii ina upana wa mita 1. Kwa uwiano wa 1:87 unapata milimita 11.5, na reli ya dukani iliyo karibu zaidi ni ya milimita 12. Peco wa Uingereza na Tillig wa Ujerumani wanaitengeneza. Reli ya milimita 16.5, ambayo ndiyo imeenea zaidi, ni sawa na milimita 1,435 kwa uwiano huohuo, yaani SGR. Ukiweka mabehewa ya Reli ya Kati juu yake, jicho linalojua litaona kasoro mara moja.

Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 12, inatoa mbao nne za takriban sentimita 122 kwa 61. Tatu nilizifanya stesheni, ya nne ikawa maegesho ya treni zinazosubiri zamu. Chini nilipiga fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1. Pointi hazikai juu ya kiungo cha mbao mbili, hata kama mchoro unapendeza hivyo, kwa sababu kiungo kikicheza kidogo tu, ndimi za pointi (vipande vya reli vinavyosogea kuchagua njia) hazifungi.

Behewa langu lina sentimita 20 na kichwa 18. Kichwa kimoja na mabehewa matano ni kama sentimita 120 pamoja na viunganishi, basi kila njia lazima iwe na nafasi huru ya sentimita 130. Nafasi huru haipimwi kutoka pointi hadi pointi. Inapimwa kutoka mahali ambapo behewa lililosimama haliguswi na linalopita njia ya pili. Nimeacha milimita 50 kati ya katikati ya njia moja na nyingine; kuelekea kwenye pointi, zinapokaribiana hadi milimita 45, hapo nachora alama nyeupe, na hakuna behewa linaloruhusiwa kuivuka likiwa limeegeshwa.

Njia ni tatu: ya 1 penye jukwaa, ya 2 ya kupishana, ya 3 ya mizigo. Pointi ni sita. Upande wa Dar, pointi 1 inachepua njia ya 2 kutoka ya 1, na pointi 2 inachepua njia ya 3 kutoka ya 2. Upande wa magharibi, pointi 3 inairudisha njia ya 3 kwenye ya 2, na pointi 4 inairudisha ya 2 kwenye ya 1. Pointi 5 inatenganisha Kigoma na Mwanza. Pointi 6 iko kwenye njia ya 2, kati ya 3 na 4, na inaelekea kwenye banda la vichwa. Kichwa kikitoka bandani kinatoka kikielekea magharibi.

Sasa fuata mgawanyo. Treni ya Dar inaingia njia ya 1, mabehewa ya Kigoma yakiwa mbele. Yanakatwa, yanaondoka. Kichwa cha Mwanza kinatoka bandani, kinapita pointi 6 na 4, kinasimama kati ya pointi 4 na 5, kisha kinarudi nyuma njia ya 1 kushika mabehewa. Kipande kile kati ya pointi 4 na 5 ndicho roho ya stesheni nzima. Kikiwa kifupi kuliko kichwa, kila ukishanti, yaani ukisogeza kichwa kupanga mabehewa, unakanyaga pointi 5 na kuziba Kigoma na Mwanza kwa pamoja. Nimekipa sentimita 27: 18 za kichwa, zilizobaki za kusimama bila wasiwasi. Wengi hukibana hapa ili jukwaa lirefuke, halafu wanashangaa stesheni inakwama.

Kabla ya kuagiza reli nilitoa fotokopi za pointi kwa ukubwa wake halisi, nikazibandika ubaoni na kusukuma mabehewa kwa mkono. Karatasi ni bei rahisi, pointi si bei rahisi, na mzigo wa nje unachelewa kufika.

Ishara ni kumi: za kuingia tatu (Dar, Kigoma, Mwanza), za kuondoka sita, na moja ya kutoka bandani. Usijaribu kunakili umbali halisi. Uingereza, kwa mfano, kanuni ya zamani ilidai yadi 440 za nafasi salama mbele ya ishara ya kuingia. Kwa 1:87 hizo ni mita 4.6, zaidi ya stesheni yangu yote. Nimeweka ishara za kuingia sentimita 30 kabla ya pointi ya kwanza.

Kila pointi inasukumwa na servo ya SG90, mota ndogo inayogeuza mkono wake, na chini yake kuna swichi ndogo tatu. Mbili zinatoa taarifa kwamba ulimi umefika mwisho wa upande mmoja au mwingine. Ya tatu inabadilisha umeme wa pale reli zinapokatana katikati ya pointi, ili kichwa kifupi kisizime hapo. Swichi lazima ziguswe na fimbo inayovuta ndimi zenyewe. Ukizifunga kwenye mkono wa servo, servo itasema imefika huku kokoto moja imezuia ulimi, taa itawaka kijani na behewa litaanguka.

Arduino Mega, kibao kidogo cha kompyuta, inasoma swichi 12 za taarifa (mbili kwa kila pointi), vitufe 6 vya pointi na swichi ya kuzungusha inayochagua ishara moja tu kwa wakati. Pamoja na servo na taa ni pini 45 kati ya 54. Taa nyekundu na ya kijani zinatumia pini moja: nyekundu kutoka volti 5 kwenda kwenye pini, kijani kutoka kwenye pini kwenda hasi, kila moja na rezista ya kilo-omu 1. Ishara ya Dar kuingia njia ya 1 haiwaki kijani hadi pointi 1 iwe imenyooka na imefunga. Ishara ya njia ya 1 kwenda magharibi inadai pointi 4 imenyooka, na pointi 5 imefunga upande wowote. Kijani kikiwaka, vitufe vya pointi hizo havifanyi kazi. Taarifa yoyote ikikosekana, nyekundu.

Umeme unatoka kwenye betri ya pikipiki ya volti 12 yenye fyuzi ya ampea 2, kwa hiyo umeme ukikatika mtaani treni haisimami. Servo zina kishusha volti chao cha volti 5; usizivute kutoka kwenye Arduino, itajizima na kuwaka upya kila pointi inapogeuka. Hasi zote ziungane, la sivyo servo zitatetemeka zenyewe.

Kila kipande cha reli kina waya wake kutoka chini. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi linaingia kwenye viungo, na kiungo kilichopitisha umeme Mei hakipitishi Septemba. Acha pia mwanya wa nusu milimita kila mwisho wa ubao: reli ya sentimita 122 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi inarefuka kama milimita 0.4, na isipopata pa kwenda inapinda pembeni.